Qigong kila siku: Wuhan niliweza miaka miwili, Morogoro wiki tatu zinanishinda. Nyie mnafanyaje?

MtotoWaUluguru

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nina jambo langu linaweza kuonekana la kipuuzi ila linanikera kwelikweli. Nilisoma Wuhan miaka miwili, na karibu na hosteli kulikuwa na kiuwanja wazee wastaafu wanakusanyika kila asubuhi saa 12 na nusu kufanya qigong (mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole na kupumua), ile seti inaitwa Baduanjin, miondoko 8 tu, ukifuata muziki wake inaisha kama dakika 12 hivi. Mwanzo nilikuwa napita zangu kwenda kununua zile mandazi zao za mvuke, siku moja bibi mmoja akanishika mkono akaniweka mstari wa nyuma bila hata kuniuliza jina. Basi ndo ikawa hivyo. Sikukosa, labda siku za mitihani na siku moja tumbo liliponivuruga. Na baridi ya Wuhan ya Januari inaingia mpaka kwenye mifupa, joto la Julai ndo usiseme, Dar cha mtoto, lakini nilikuwa naenda. Mgongo ulionisumbua toka sekondari ukatulia, usingizi ukawa kama wa mtoto aliyenyonya.

Nimerudi bongo huu mwaka wa pili. Nimeshaanza upya mara sijui ngapi. Nimetegesha alamu saa 11 na nusu alfajiri, naizima nikiwa usingizini hata sikumbuki. Nikapakua apu ya kuhesabu siku mfululizo, nikafika siku ya 19, tukapata msiba wa mjomba nikakosa siku moja, namba ikarudi sifuri na mimi nikarudi kitandani. Nikaanzisha grupu la WhatsApp, watu 34, wiki ya kwanza moto kwelikweli, wiki ya tatu zimebaki picha za maua na asubuhi njema Mungu akubariki, na jamaa mmoja anauza vifaranga vya kuchi. Nikisema nifanye uani peke yangu, jirani kamuuliza wife kama nimeanza mambo ya kiganga maana ananiona nimesimama nimekumbatia hewa.

Nimesikia pia kuna kanuni ya siku 100, ukikosa moja unaanza moja tena. Ni kweli? Na kwa wanaofanya mazoezi yoyote kila siku, sio lazima hii, mmeshikaje?

kipusa_wa_tabata

Hii si ndo ile ya kusukuma upepo polepole kama umeishiwa chaji 😂 samahani kaka endelea, nafuatilia

Xiaobei Mtumba

Mtoto wa Uluguru nakuelewa sana, mi niko Guangzhou mwaka wa 9 huu, nakaa mtaa wa Xiaobei, bustani ya Yuexiu iko hapo jirani naifikia kwa miguu. Nitakwambia kitu usikasirike. Wuhan hukuwa na nidhamu. Ulikuwa na bibi.

Angalia wale wazee wanavyojipanga utaelewa. Kila mmoja ana kikazi chake. Kuna mwenye spika, asipokuja hakuna muziki kwa hiyo lazima aje. Kuna anayetundika mifuko ya watu kwenye tawi la mti. Kuna anayekuja na chupa ya maji ya moto. Kuna mmoja kazi yake ni kusengenya tu, na huyo ndo muhimu kuliko wote maana ukikosa siku 2 lazima akutaje. Mimi nilikosa wiki moja nilienda mji wa Yiwu kufunga mzigo, niliporudi wale mama wakubwa walinihoji kama polisi, ulikuwa wapi, umekula nini, mbona umekonda. Sasa mtu kama huyo utamzimaje kama alamu?

Na hii ya kufanya kwa kundi kwenye bustani ina watu walioianzisha bana, haikuota yenyewe. Kuna mama mmoja anaitwa Guo Lin, alikuwa mchoraji, alipata saratani ya mfuko wa uzazi akapasuliwa zaidi ya mara moja, akawa anajifanyia mazoezi ya kutembea na kupumua. Miaka ya 1970 akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake kwenye bustani za Beijing, hadharani, kundi zima kwa pamoja. Kabla ya hapo mambo haya mara nyingi ni mwalimu na mwanafunzi wake mmoja mmoja, au kwenye vituo vya mapumziko vya wagonjwa. Sisemi yanatibu saratani, mtu asije akaacha hospitali akasema Mtumba kasema. Nachosema wale wagonjwa walikuwa wanaamka asubuhi kwa sababu kuna mgonjwa mwenzao kasimama kwenye baridi anawasubiri.

Grupu lako la watu 34 nani alikuwa anamsubiri nani?

MtotoWaUluguru

Duh. Hakuna aliyekuwa anamsubiri mtu. Kila mtu anafanya kwake anaweka tiki ✅. Na kusema kweli mi mwenyewe kuna siku niliweka tiki nikiwa kwenye shuka.

Kochi wa Temeke

Hapo kwenye tiki umenichekesha lakini ndo ukweli wenyewe.

Mi sijui qigong, mi mtu wa jogging. Klabu yetu ina miaka mingi na nimeona vikundi vinazaliwa na kufa mpaka nimezoea, kwahiyo chukua uzoefu wangu huu. Kuna kipindi tuliweka faini, ukikosa Jumamosi unatoa 1000, tukasema kama kikoba vile watu wataogopa. Unajua kilichotokea? Watu wakaanza kulipa. Yani mtu anatuma elfu 1 kwenye simu Ijumaa usiku, kochi kesho sipo hiyo faini yangu, analala zake roho nyeupe kabisa. Zamani akikosa alikuwa anaona aibu, sasa hivi ameshanunua ruhusa. Na wale wasio na hela wakawa wanadaiwa 6000, 7000, wakikuona njiani wanavuka barabara. Tumepoteza watu wazuri sana kwa faini. Tukaifuta.

Kilichofanya kazi ni ujinga mdogo tu. Tunapitiana. Anayekaa mbali zaidi na uwanja anaanza, anampitia wa pili, wawili wanampitia wa tatu, mpaka tunafika tuko 15. Mtu akigongewa geti na watu watano wanaimba hata awe na hangova anatoka. Huwezi kuwaambia watu walioko getini kwako subirini nafikiria.

Kwa hiyo ushauri wangu achana na 34. Tafuta 2. Na wawe wa mtaani kwako, sio rafiki yako yuko Mbezi we uko Kihonda.

Thomaso asiyeamini

Swali la kichokozi. Hiyo qi yenyewe, nishati wanayosema iko mwilini, ipo? Maana nimeona video mzee anamrusha mtu bila kumgusa. Isije ikawa tunajengewa mazoea ya kila siku ya kitu ambacho ni mazingaombwe.

Xiaobei Mtumba

Thomaso swali zuri wala sio uchokozi. Mazingaombwe yalikuwepo, tena mengi. Miaka ya 1980 mpaka 90 huku ilikuwa homa, walimu wanajaza viwanja vya mpira, huyu anasema anaponya kwa mbali, yule anasema anasoma karatasi iliyofichwa kwenye sikio, wengine walitajirika hasa. Baadaye serikali ikaingia na mkono wa chuma, 1999 Falun Gong, kundi la qigong lililochanganya na mafundisho ya kiroho, ikapigwa marufuku na makundi mengi mengine yakafungwa. Mwaka 2003 idara yao ya michezo ikatoa seti 4 zilizosanifiwa, Baduanjin ikiwemo, pamoja na ile ya wanyama watano, chui milia, paa, dubu, nyani na ndege, na nyingine 2. Ndo maana ukienda mji wowote huku Baduanjin ni ileile na muziki uleule.

Kwa hiyo ukiona mtu bongo anakwambia lipa laki 3 akufungulie nishati, kimbia. Miondoko 8 ile haina siri. Neno lenyewe gong ni kazi, ustadi unaokuja kwa kurudia kitu muda mrefu. Qi we iite pumzi ukitaka, mabibi wa Yuexiu hawabishani kuhusu hilo, wanabishana nani kaziba njia ya spika.

sista fizio

Naomba nichangie kidogo kwa sababu hii ni kazi yangu, nafanya mazoezi tiba.

Mtoa mada, kosa naloliona ni kwamba unataka kurudi moja kwa moja kwenye dakika 12 za Wuhan. Ulipokuwa kule ulikuwa mwanafunzi, sasa una mke, kazi, na nadhani watoto (hukusema). Wagonjwa wangu nikiwapa mazoezi 8 ya kufanya nyumbani wanafanya sifuri, nikiwapa 2 wanafanya 2. Chagua 3. Ule wa kwanza wa kunyanyua mikono kama unabeba mbingu, wa pili wa kuvuta upinde, na wa mwisho wa kupanda juu ya vidole na kushusha visigino mara 7. Ukiwa na siku nzuri malizia yote 8, ukiwa na siku mbaya fanya hizo 3 na usijione mkosaji.

Halafu mambo ambayo watu wanayapuuza. Ule wa kuinama na kushuka mikono mpaka miguuni, mwenye presha ya juu au kizunguzungu asishushe kichwa mpaka chini, aishie kwenye magoti na apande polepole. Ule wa kukaa kama umepanda farasi, goti linalouma lisilazimishwe kushuka, simama juu zaidi, hakuna anayekupa maksi. Usibane pumzi. Na kushusha visigino ni kushusha, sio kujibamiza, hasa we mwenye historia ya mgongo, na wamama wenye mifupa iliyoanza kudhoofika ndo kabisa.

Na dawa za presha na sukari zinaendelea kama kawaida. Narudia, zinaendelea.

Mswahili wa Kuze

Salaam kutoka Mombasa. Mimi naona mwasahau jambo moja, wakati. Alamu hushindwa kwa sababu alamu ni ya peke yake. Mimi niko na miaka 61, huswali alfajiri msikitini, na tukitoka pale tuko wazee wanne twateremka hadi Mama Ngina kupunga upepo wa bahari. Hiyo twafanya miaka. Kijana wa mmoja wetu alisoma China akatufunza hii Baduanjin, sasa tukifika pale twaifanya ndiyo twarudi kunywa chai na mahamri. Sikuongeza kitu kipya maishani, nimekipachika tu kwenye safari ambayo nilikuwa naifanya. Kama ningeambiwa niamke mahsusi kwa ajili ya Wachina wallahi nisingeamka.

Na kwa wenzangu watakaouliza kuhusu dini, maana mimi pia niliuliza: tulimwendea sheikh wetu tukamwonyesha miondoko yenyewe, akatuambia kunyoosha viungo na kupumua hakuna ubaya, tusiingize itikadi wala kuomba kitu kingine humo. Kila mtu amwulize mwalimu wake, mimi nasimulia yaliyotukuta sisi.

kipusa_wa_tabata

Shikamoo mzee wa Kuze, mahamri yananipa hamu ya kufanya mazoezi kuliko hiyo qi yenyewe

Mswahili wa Kuze

Marahaba mwanangu. Hata kwetu ni hivyo hivyo, usiwambie mabibi zetu.

MtotoWaUluguru

Aisee nashukuru sana. Sista umenisoma, watoto 2, wa mwisho ana miezi 8 na usiku analia zamu zake zote. Kochi, hilo la faini nilikuwa karibu kuliweka kwenye grupu wiki hii hii, afadhali nimekuuliza kwanza.

Hakuna aliyenijibu la siku 100 lakini.

Xiaobei Mtumba

Ipo. Huku wanasema siku 100 za kuweka msingi, ni maneno ya Watao (wafuasi wa dini ya Tao) wa zamani kwenye mambo yao ya kutafakari, na walimu wa lile zoezi la kusimama tuli kama nguzo nao wanayapenda sana. Wapo walimu wakali kweli wanaokwambia ukikosa moja anza upya. Mwalimu wangu mimi (fundi cherehani mstaafu, miaka 78, anavuta sigara akimaliza mazoezi, usinifanye nieleze) nilimuuliza akaniangalia kama mjinga. Akasema ukijenga msingi wa nyumba, fundi asipokuja Jumanne, Jumatano unabomoa tofali za Jumatatu?

Ila aliongeza sharti moja, Jumatano fundi aje. Yani kukosa moja sawa, mbili mfululizo hapana.

Hiyo apu inayokurudisha sifuri kwa sababu ulienda kumzika mjomba wako, mi ningeifuta leo.

Thomaso asiyeamini

Sigara baada ya qigong. Nimeanza kumwamini huyo mzee.

Kochi wa Temeke

Mtoto wa Uluguru rudi utupe mrejesho, sio mnatupa mada mnapotea. Na hayo ya jirani na uganga, mbinu yetu sisi ni kuvaa jezi. Mtu akiwa na jezi na raba hata afanye nini watu wanasema anafanya mazoezi. Ukiwa na msuli na singlendi saa 11 alfajiri umekumbatia hewa, hata mimi ningemuuliza mkeo.

MtotoWaUluguru

(mrejesho, wiki ya 5)

Wakuu sijapotea. Nilisema sirudi mpaka niwe na la kusema.

Nimefuta apu. Grupu la 34 nimeliacha kama lilivyo, jamaa wa vifaranga ndo admini sasa. Nimefanya kama mlivyosema, nikatafuta 2 wa mtaani, wa kwanza nilimpata kirahisi, mwalimu mstaafu nyumba ya tatu, bega lake limekakamaa. Wa pili ndo hamtaamini. Kuna duka la vifaa vya ujenzi mbele ya kwangu lina mlinzi wa usiku, mzee wa kama miaka 50 na kitu, zamu yake inaisha saa 12 asubuhi. Siku moja nikamkuta ananiangalia juu ya ukuta, nikasema huyu naye kesho nitasikia nimeitwa kwa mjumbe. Kumbe anaangalia jinsi ya kufanya, anasema akikaa usiku kucha kwenye kile kiti kiuno kinakufa ganzi.

Nikamwambia karibu. Toka siku hiyo saa 12 na dakika 5 ananigongea geti kwa rungu. Kwa rungu jamani. Wife mwanzo alikuwa anashtuka, sasa hivi yeye ndo ananisukuma, nenda mzee wa watu kasimama nje. Mtu amekesha usiku mzima akilinda mali ya watu, na bado kabla ya kwenda kulala anakusubiri we uliyelala kitandani na shuka, utamwambia nini. Alamu sitegeshi tena.

Tunafanya 3 za sista, Jumamosi na Jumapili tunamaliza zote 8. Nimekosa siku 4 katika 35, na mara moja tu zilifuatana mbili, mtoto alilazwa. Mgongo haujarudi ule wa Wuhan lakini kuvaa soksi nikiwa nimesimama nimeanza kuweza. Mwalimu bega lake bado, ila anakuja, na ndo amekuwa yule wa kusengenya, nilipokosa Jumanne moja alishampa mtaa mzima taarifa kwamba nimeshindwa. Jezi pia tumevaa Kochi, yangu ya Mtibwa ya zamani, mwalimu ana ya Simba, mlinzi anabaki na koti lake la kazi.

Jirani wa uganga bado hajaja. Ila juzi kanyoosha mikono juu akiwa anaanika nguo, nikamuona, na yeye akaona nimemuona.

Sasa tatizo moja. Mlinzi kaniambia mwisho wa mwezi kampuni inamhamishia zamu ya mchana, sehemu nyingine kabisa, huko Bigwa. Nimekaa nawaza. Mwalimu peke yake hagongi geti, yeye ana heshima zake, anasimama kwake anasubiri umfuate.

sista fizio

Hongera sana. 31 kati ya 35 na mtoto wa miezi 8, wagonjwa wangu wangeniletea hiyo ningewapikia pilau. Mwambie mwalimu wa bega asinyanyue juu ya sikio kwanza, aende hadi pale panapovuta tu, kila wiki apande kidogo.

Xiaobei Mtumba

Kumbe umepata bibi yako, ila wa kwako ana rungu.

Kochi wa Temeke

Zamu ya usiku haiwezi kubaki bila mtu, si kuna mlinzi mwingine atakuja pale dukani? Mwambie huyu wa sasa kabla hajaondoka siku ya makabidhiano amkabidhi na wewe. Tochi, funguo, rungu, geti la kugonga saa 12 na dakika 5.

MtotoWaUluguru

😂😂 nimemsomea hii asubuhi hii. Kasema anayekuja ni mdogo wake wa ukoo, atamwandikia kabisa kwenye kitabu cha zamu.